Kwa Nini ya Dobi

Katika mtaa ule neno falsafa lilikuwa tusi, dogo lakini tusi. Mtoto akivunja sahani, kisha akaanza kueleza jinsi sahani yenyewe ilivyoteleza, aliambiwa, "Acha falsafa." Mume akirudi ananuka pombe na ana maelezo marefu kuhusu rafiki aliyepatwa na matatizo, aliambiwa falsafa hizo akalale nazo nje. Mwanafalsafa, kwa kamusi ya mtaa, ni mtu mwenye kosa na mdomo mrefu. Kwa hiyo Dobi alipoanza kwenda kwenye darasa la falsafa kila Jumamosi mchana, kwa miguu yake mwenyewe, shati limenyooka kama karatasi, majirani hawakujiuliza anakwenda kujifunza nini. Walijiuliza amefanya nini.

Dobi alikuwa mtu wa pasi. Kufua aliiachia mashine moja kongwe iliyotetemeka mpaka ikahama kona yake. Akairudisha kwa goti, ikahama tena. Heshima yake ilikuwa mezani: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, juu ya blanketi shuka lenye alama za kuungua, pasi nzito ya umeme, na pembeni pasi ya mkaa kwa zile siku umeme unapokumbuka safari zake. Alimjua mtu kwa mikunjo. Shati la mume aliyehamia kulala kwenye kochi alilitambua kabla mke wa mtu huyo hajawaambia dada zake. Aibu za mtaa mzima zilipita pale mezani zikanyooshwa, zikatundikwa kwenye henga, zikarudi kwa wenyewe zikiwa na adabu.

Chumba cha mbele kilikuwa duka. Chumba cha nyuma kilikuwa nyumba. Katikati palining'inia pazia, na nyuma ya pazia alikaa mkewe na cherehani, akirudishia vifungo, akipunguza mapindo, akibadilisha zipu za wanaume ambao hawakutaka kukubali kwamba tatizo si zipu.

Na mpakani, mguu mmoja dukani na mwingine nyumbani, aliishi binti yao wa pekee. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo.

"Baba, huo mvuke unakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu huko."

"Ukifika huko unafanya nini?"

"Chiriku, utaniunguzia shati la watu."

"Kwa nini mimi? Pasi si umeshika wewe?"

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza kidogo, mama mtu akicheka peke yake. Halafu ikaendelea.

Siku moja ya kazi, mchana kweupe, Chiriku alitumwa dukani ng'ambo ya barabara. Lori likashuka kilima bila breki. Zaidi ya hapo hakuna cha kusimulia, na wale waliosimulia zaidi ya hapo, wakaonyesha kwa mikono lilivyokuja na lilivyopinda, walikuwa wanajifurahisha.

Baada ya mazishi likazuka tatizo dogo ambalo hakuna aliyelitarajia: waitwe nani? Kwa miaka yote walikuwa Baba Chiriku na Mama Chiriku. Sasa kila aliyewasalimu alifika kwenye jina akajikwaa. Mwishowe mtaa ukakata shauri bila kikao. Mume akawa Dobi tu, na mke akawa mke wa Dobi. Wao wenyewe, ndani, wakaacha kuitana. Mmoja alikohoa, mwenzake akageuka.

Hapo ndipo maradhi ya Dobi yalipoanza. Alikwenda hospitali, akamsubiri yule daktari aliyempokea mtoto siku ya ajali.

"Binti yangu alikufa kwa nini?"

"Kwa kuvuja damu ndani, mzee. Pole sana."

"Nauliza, kwa nini?"

"Kwa kuvuja damu. Ndani," akasema daktari, safari hii kwa sauti kubwa, kana kwamba Dobi ana shida ya masikio.

Akaenda kituo cha polisi kumwona dereva. "Kwa nini?" akamuuliza kupitia nondo. "Breki, baba yangu. Zilikata," akasema dereva, na akalia kwa kwikwi hadi Dobi akajikuta anambembeleza, jambo lililomharibia hasira aliyokuwa ameitunza njia nzima. Akaenda kwa kiongozi wa dini yake, akaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Akaenda kwa kiongozi wa dini nyingine, kwa mlango wa nyuma, kama mteja anayelinganisha bidhaa. Naye akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana kitu.

Fundi viatu, aliyekaa barazani mkabala na duka, ndiye aliyempa jina la Bwana Kwa Nini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi tu, na siku ndefu.

"Sikiliza, Bwana Kwa Nini. Kiatu kikiletwa kimepasuka, mimi sikiulizi kitu. Nakishona."

"Na kisichoshoneka?"

"Hicho natupa."

Fundi viatu akasikia alichosema. Akainama kutafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

Ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wanakula, Dobi anashusha tonge na kusema, si kwa mtu yeyote, "Lakini kwa nini?" Mkewe anainuka, anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Wamelala, Dobi anaiuliza dari. Mkewe anageukia ukuta. Dobi aliona jinsi anavyogeuka. Alidhani amechoka, maskini, na kwamba kila mtu ana namna yake ya kuomboleza: mwingine huuliza, mwingine huosha vyombo.

Halafu kulikuwa na habari ya uzi. Kwa muda sasa mke wa Dobi alishona kila kitu kwa uzi mweupe. Shati jeupe, sawa. Lakini pia suruali nyeusi ya karani, sare ya buluu ya mlinzi, koti la mtu wa kwenda mazishini. Vifungo vyeusi vilikaa kwenye vitambaa vyeusi, na katikati ya kila kimoja msalaba mweupe, unaonekana toka upande wa pili wa barabara.

"Dobi, mbona umenichora?" wateja walilalamika. "Nitaonekana punda milia."

Dobi akachungulia kwenye pazia. "Wanauliza habari ya uzi."

"Waambie mweusi haujarudi kutoka dukani."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila mara, kwa sauti ile ile tambarare. Dobi akalifikisha kwa wateja kama lilivyo, kama tarishi anayebeba kifurushi bila kukifungua. Mara moja tu alijitolea: "Basi nitapita niuchukue mimi."

"Usiende dukani," mkewe akasema.

Dobi akainua mabega, akaishika pasi. Alikuwa na swali kubwa la kuiuliza mbingu. Uzi haukumshughulisha.

Ndipo akatokea Mhadhiri.

Mhadhiri alikuwa na koti moja jeusi, na koti lilikuwa na mhadhiri mmoja, hawakuachana. Mikono yake ilikuwa na unga wa chaki usiotoka hata kwa maji ya moto. Alifundisha chuo kikuu, kule ambako watu huingia na swali moja na kutoka na matatu na cheti. Watu walimwita Daktari, na siku ya kwanza alipoleta koti, fundi viatu alivuka barabara haraka kumwonyesha goti lake.

"Samahani, mimi ni daktari wa falsafa," akasema Mhadhiri.

"Aa. Na mtu akiumwa falsafa, huwa inamkamata wapi?"

Mhadhiri akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo kwenye kila harusi aliyohudhuria. Akamgeukia Dobi, akaeleza kwamba chuo kimewaagiza walimu wake washuke kwa jamii, kama vile walikuwa juu ya mti, na kwamba yeye amepangiwa ukumbi wa maktaba, Jumamosi mchana, Utangulizi wa Falsafa, bure, watu wote wanakaribishwa.

"Mnafanya nini huko?" akauliza Dobi.

"Kwa kifupi? Tunauliza kwa nini."

Dobi akaisimamisha pasi. "Na jibu lipo?"

Mhadhiri alikuwa na haraka. Akasema wanachosema wasomi wakiwa na haraka: "Njoo uone."

Kosa lilizaliwa hapo. Katika mtaa wa Dobi, mtu akikwambia njoo uone, maana yake kitu kipo. Fundi akikwambia njoo uone, kabati limekwisha. Hakuna anayemwita mwenzake aje kuona pasipo kitu. Dobi hakujua kwamba chuo kikuu kina Kiswahili chake.

Jumamosi ile akafunga duka mapema, akaenda. Ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti vya plastiki, ubao mmoja uliopasuka pembeni, na feni nzuri kuliko zote mjini. Feni hiyo ndiyo iliyomleta mstaafu mmoja wa mbele, ambaye hakuficha. Nyuma kulikuwa na vijana wawili waliotafuta darasa la kompyuta, wakakosea mlango, wakaona haya kutoka.

Mhadhiri akaandika ubaoni: KWA NINI WATU HUFANYA FALSAFA? Dobi akaweka mikono magotini kama mtu anayepigwa picha.

"Hakuna mtu anayeamka asubuhi akaamua kuwa mwanafalsafa," Mhadhiri alianza. "Kuna kitu humsukuma. Cha kwanza ni mshangao. Kila mtoto ni mwanafalsafa. Mtoto huuliza jua linalala wapi, moshi unakwenda wapi. Hakuna anayemfundisha. Sisi tunachomfundisha ni kunyamaza. Chukua sabuni, kaoge, utaniunguzia shati."

Watu wakacheka kidogo. Dobi akaangalia viganja vyake. Hakumwambia Mhadhiri chochote kuhusu Chiriku, siku ile wala baadaye; kwa hiyo maneno yale yalikuwa bahati mbaya tu, ile bahati mbaya inayojua anwani.

"Cha pili ni shaka. Ulidhani unajua, ukagundua hujui. Na cha tatu ni pigo. Mtu anakwenda na maisha yake, hana habari, siku moja sakafu inaondoka. Anauliza kwa sababu hana pa kukanyaga."

"Huyo wa tatu," Dobi akasema, na kiti chake kikalia, "yeye hupata jibu Jumamosi ya ngapi?"

Mhadhiri akasema swali zuri. Wanasema hivyo kwa maswali yote ambayo hayana dawa.

Jumamosi zikafuatana. Siku ya shaka, Mhadhiri alitaka kujua tunathibitishaje kwamba vitu tunavyoviona vipo kweli. Mstaafu akasema kama feni haipo yeye anaondoka sasa hivi. Siku ya uhuru walijadili kama mtu huchagua au huchaguliwa, na vijana wawili wa kompyuta, ambao kufikia hapo walikuwa wamechaguliwa, walikaa kimya. Dobi alisikiliza kila kitu kama mtu aliye kituoni anavyosikiliza majina ya miji asikokwenda. Lake halikutajwa.

Jioni moja akamngoja Mhadhiri mlangoni.

"Daktari, nawe uliingiaje humu? Pigo, au mshangao?"

"Mimi? Niliomba sheria," akasema Mhadhiri. "Alama hazikutosha. Falsafa walikuwa na viti."

Dobi akacheka, kitu ambacho alikuwa amekisahau kidogo. Mhadhiri naye akacheka, halafu akaacha.

"Kisha mwaka wa pili baba yangu akafa. Kifo cha kijinga, kuteleza bafuni. Nikadhani hawa watu wote wenye vitabu vinene, lazima kuna mmoja ameliandika mahali. Jibu. Nikaanza rafu ya juu."

"Umelikuta?"

"Bado nasoma," akasema Mhadhiri, akajipangusa chaki ambayo haikutoka. Kisha akaongeza, labda kwa huruma, labda kwa kutaka kwenda nyumbani: "Lakini njoo Jumamosi ya mwisho. Siku hiyo nitalifungua lile swali lenyewe. Neno kwa neno."

Kwa hiyo Dobi akaishi kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Alipanga kila kitu. Angelichukua jibu, angelileta nyumbani likiwa limenyooka, angemwekea mkewe mezani. Wangelitazama wote wawili. Wangelala.

Ijumaa jioni mkewe alipitisha kichwa kwenye pazia.

"Kesho unakwenda?"

"Ndiyo ya mwisho. Analifungua swali lenyewe."

"Ukienda, usinikute hapa."

Dobi akadhani hakusikia vizuri. Na kwa bahati mbaya, kwa mazoea, kwa sababu mdomo wake haukuwa tena na neno jingine la kuanzia, akasema:

"Kwa nini?"

Mkewe akashika pazia. "Umeona?" akasema. Pazia likarudi.

Usiku ule Dobi alipima jambo hilo kama anavyopima kitambaa asichokijua. Asipokwenda, mke anabaki, na swali linabaki nao kitandani, katikati, limetandaza miguu. Akienda, anarudi na jibu, na mwenye jibu haachwi. Nani aondoke kwenye nyumba iliyopata jibu? Ilikuwa hesabu ya mwenye kiu anayechimba kisima jikoni. Akaenda.

Mhadhiri siku hiyo alikuwa mchangamfu, kama walimu wote siku ya kufunga. Akavua koti lake, akaliinua mbele ya darasa.

"Tazameni kifungo hiki. Koti jeusi, kifungo cheusi, uzi mweupe kama maziwa. Fundi wangu yumo humu ndani, na naomba asikasirike, maana amenipa mfano bora kuliko vitabu vyangu vyote."

Vichwa vikageuka. Dobi akajikunja kwenye kiti.

"Nilimuuliza, mbona uzi mweupe? Nikajibiwa, mweusi haujarudi kutoka dukani."

Wakacheka, Mhadhiri akangoja wamalize. Alilijua soko lake.

"Sasa, kwa nini uzi ni mweupe? Angalieni ujanja wa neno letu. Nikikuuliza, amesafiri kwa nini? Mmoja atajibu, kwa basi. Mwingine atajibu, kwa ajili ya kumwona mgonjwa. Swali moja, milango miwili. Mlango wa kwanza unatazama nyuma: kitu kimetokea kwa njia gani. Mlango wa pili unatazama mbele: kwa ajili ya nini. Wengi wetu tunagonga wa pili, na anayefungua ni wa kwanza."

Dobi akaona uso wa daktari wa hospitali. Kwa kuvuja damu. Ndani. Yule kijana hakuwa mjinga wala katili. Alifungua mlango uliokuwa karibu naye. Dobi akawaza, hili ndilo, nitamwambia mke wangu hili. Alikuwa karibu kufurahi.

"Lakini uko mlango wa tatu," akaendelea Mhadhiri. "Huu vitabuni sijaukuta, nyumbani nauona kila siku. Mkeo akikuuliza, kwa nini umechelewa, anataka njia uliyopita? Anataka kujua lengo la kuchelewa?"

"Anataka kichwa changu," akasema mstaafu.

"Anataka kichwa chako. Hiyo haiulizi nini, inauliza nani. Ni mashtaka yaliyovaa nguo za swali. Na mtu mwenye kosa, au anayejidhania ana kosa, husikia hiyo tu. Unaweza kusimama hapo ukaiuliza mbingu kwa moyo safi kabisa. Yeye pembeni yako anasikia unamtaja jina. Hata huyo fundi wangu, siku ile, alijibu kama mtu aliyeshtakiwa: uzi haujarudi kutoka dukani..."

Dobi hakusikia yaliyofuata. Uzi haujarudi kutoka dukani. Uzi hauna miguu. Uzi haurudi, hurudi aliyetumwa.

Alimuuliza daktari, akamuuliza dereva, akamuuliza Mungu kwa milango miwili. Mtoto alitumwa dukani, hilo alilijua tangu siku ile. Alitumwa nini, hakuwahi kuuliza.

Akasimama, kiti kikaanguka.

"Fundi, usiudhike, ni mfano tu," akasema Mhadhiri.

"Sijaudhika."

"Basi kaa. Sijafika mwisho."

"Mimi nimefika," akasema Dobi, akatoka.

Alimkuta mkewe bado yupo. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu, na mwenyewe amekaa kwenye benchi la wateja akimalizia pindo la suruali nyeusi. Alikuwa na hasira ya kuondoka, lakini si hasira ya kumwachia mtu suruali yenye mguu mmoja mrefu. Uzi ulikuwa mweupe.

"Mama Chiriku," akasema Dobi.

Sindano ikasimama. Jina hilo lilikuwa halijaingia mle ndani tangu mazishi. Kwa kitambo walilisikiliza wote wawili, kama kelele ya mtu chumba cha pili.

"Ulimtuma uzi," Dobi akasema. "Mweusi."

"Umekwenda kuambiwa huko?"

"Si kosa lako. Mimi sikuwa nakuuliza wewe. Nilikuwa nauliza... sijui nilikuwa namuuliza nani. Si wewe. Wallahi si wewe. Lori halikutumwa na wewe."

"Najua."

"Kama unajua, mbona..."

"Usianze."

Fundi viatu ng'ambo alikuwa ameacha kugonga; alikuwa anasikiliza, lakini kwa adabu, amegeuza uso.

Mkewe akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali juu ya magoti, akaipapasa. "Ilikuwa kama hii," akasema. "Ya yule karani. Mimi nilitaka kuimaliza kesho yake, uzi umekwisha, nitapita mwenyewe asubuhi. Nikasikia sauti nyuma ya pazia. Hiyo suruali inatakiwa jioni. Fanya haraka."

Dobi akaitafuta sauti hiyo. Alikuwa akisema maneno hayo kila siku ya Mungu, kwa kila suruali. Ndiyo yalikuwa salamu zake kwenye pazia. Hakukumbuka aliyasema siku ile. Hakukumbuka kutoyasema.

"Mimi?" akauliza.

"Duka hili lina mwanamume mwingine?"

"Hukuniambia."

"Nikwambie nini? Nimekaa na hilo neno mdomoni kama mtu aliyeshika maji ya moto. Kila ukiuliza kwa nini, linataka kutoka. Nainuka. Naosha vyombo. Nikasema atachoka, ataacha, halitamfikia. Wewe ukaenda kutafuta mwalimu akufundishe kuuliza vizuri zaidi."

"Mimi nilidhani nikipata jibu tutapumzika."

"Haya. Umelipata." Alisema bila ukali, na afadhali angesema kwa ukali. "Si kosa lako, Baba Chiriku. Nalo hilo nilikuwa nalijua siku zote. Halisaidii. Jaribu uone."

Dobi akajaribu. Alijiambia, si kosa langu. Ilikuwa sentensi sahihi, iliyonyooka, haina mkunjo. Akaivaa. Haikumpasha joto.

"Baki," akasema. "Sitauliza tena. Kitu chochote."

"Hutauliza kwa mdomo. Utaniangalia nikiwa hapo na cherehani, na mimi nitajua unawaza nini, na wewe utajua ninasikia nini. Nilikuwa naweza kukaa wakati najua peke yangu. Wawili tunaojua hatuenei chumba kimoja."

Akasimama. Dobi akalichukua begi. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Magari ya kwenda kwa dada wa mkewe yalisimama ng'ambo, mbele ya lile duka. Mkewe hakuvuka. Alipanda la upande huu, la kwenda kinyume, lizunguke mji mzima mpaka limfikishe. Hakupunga mkono, Dobi naye hakungoja apungiwe. Alibaki pale ukingoni mwa barabara mpaka fundi viatu akamjia.

"Mkeo ameondoka kwa nini, jamani?"

Dobi akafikiri. "Kwa gari," akasema.

Fundi viatu akafungua mdomo kumwambia aache falsafa. Hakuweza.

Jumatatu Mhadhiri alileta koti lake, safari hii na aibu kidogo. Ile siku hakupenda ilivyokwisha, akasema. Halafu akaonyesha kifungo cha chini, ambacho kilikuwa kinaning'inia kwa nyuzi mbili, kama hakuna shida akirudishie. Dobi akapita nyuma ya pazia, akafungua kopo la bati la vifaa vya mkewe. Sindano, bizimu, chaki ya fundi. Chini kabisa, ndani ya mfuko mdogo wa nailoni wa hospitali uliofungwa fundo, kibiringo kipya cha uzi mweusi. Karatasi yake ya dukani ilikuwa haijabanduliwa. Upande mmoja ulikuwa na vumbi la barabara.

Alikigeuza mkononi. Kisha akakirudisha, akafunga kopo, akatoka na uzi mweupe.

Hakuwa mshonaji. Alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Mhadhiri aliutazama ule uzi ukipita kwenye kitambaa cheusi, ukirudi, ukipita.

"Bado hamjapata mweusi?"

"Haujarudi kutoka dukani," akasema Dobi.

Mhadhiri akavuta pumzi ya kuuliza. Ilikuwa kazi yake, alikuwa na shahada yake. Akamtazama Dobi usoni, na lile neno likaishia kwenye meno. Akakaa kwenye benchi la wateja kungoja.

Dobi akalitandaza koti mezani, akalinyunyizia maji, akaiweka pasi. Mvuke ukatoka pande zote mbili za mkono wake, ukapanda. Juu wapi, hakuna aliyeuliza.